Paa Lenye Mdomo

Maktaba ile ilijengwa kati ya vita viwili vikuu, wakati mji ulipokuwa umechoka na kelele za vita vya kwanza na bado haujapata habari kwamba vya pili viko njiani. Mji ukataka nyumba ya kimya. Ukamwita mchora majengo mmoja, mtu ambaye, kwa jinsi kazi yake inavyoonekana, hakupenda kabisa binadamu wenzake wafungue vinywa. Akaweka sakafu ya gome laini, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, ili viatu visilie. Akapandisha madirisha juu sana, kupita kichwa cha mtu mrefu, ili msomaji asipoteze muda kutazama wapita njia. Akazipanga rafu kama vipande vya chungwa, zote zikielekea katikati, na hapo katikati akaweka meza ya duara ya mkutubi. Juu ya meza akajenga kuba jeupe, na kileleni mwa kuba kibanda kidogo cha vioo vinane cha kuingizia mwanga. Mtu mmoja akikaa kwenye meza ile anawaona wote, na hakuna anayeweza kujificha labda awe mwembamba kuliko kitabu.

Alichokisahau bwana yule ni jambo ambalo hata mtoto angemwambia. Anayewaona wote huonwa na wote.

Aliyekaa kwenye meza hiyo wakati wa kisa hiki alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mnyoofu kama rula, ambaye wasomaji walimwita Bi Kimya. Hawakumwita hivyo mbele yake. Walinong'ona, wakidhani hasikii, naye alikuwa anasikia vizuri sana. Tangu wiki yake ya kwanza kazini aligundua kwamba kuba lile lina tabia: mnong'ono wowote unaotoka kwenye rafu hupanda juu, huteleza kwenye plasta, na kushuka moja kwa moja mezani kwake, mzima, bila kupungua hata herufi. Kwa miaka mingi alikuwa akisikia nani anampenda nani, nani hapatani na mama mkwe wake, na nani kasema nywele za mkutubi zimesukwa na msusi wa mikeka. Siri hiyo hakumwambia mtu. Aliinua tu uso, akamtazama mnong'onaji, akaweka kidole mdomoni, na watu wakaamini kwamba yule mama ana masikio ya popo. Tuseme ukweli: aliifurahia sifa hiyo.

Naye alikuwa na tabia yake. Akikaa mezani huongea peke yake, chini chini, kwa sauti ambayo hata mate yake yasingeisikia. Kwa njia hiyo alikuwa amewatolea wasomaji wake maoni mengi ambayo, alijua, hayafiki popote. Kulikuwa na Mwalimu, mzee mstaafu aliyekuja kila siku kusoma magazeti, akianzia na barua za wasomaji ili akasirike mapema. Siku moja Bi Kimya alijisemea kwamba soksi za Mwalimu zimechoka kuliko Mwalimu mwenyewe. Kesho yake Mwalimu akaja na soksi mpya, na Bi Kimya akaona ni sadfa njema.

Mambo yakawa hivyo hadi kuba lilipoanza kuvuja. Mwanzoni lilivuja kwa heshima, tone moja moja, halafu likazoea. Ndoo ikawekwa juu ya meza ya duara, na hiyo to, to, to ikawa ndiyo sauti kubwa kuliko zote mle ndani. Bi Kimya aliitazama ndoo ile kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua kuaga. Aliwaomba wakubwa wamletee fundi, wakubwa wakamwambia suala lake linashughulikiwa. Mvua zikaja zikaisha, suala likiendelea kushughulikiwa. Halafu siku moja tone likamwangukia utosini mkubwa mmoja aliyekuja kukagua, na fundi akapatikana wiki hiyo hiyo.

Alifika Jumatatu asubuhi. Alikuwa mwanamume mpana, mpole, mwenye mvi upande mmoja tu wa kichwa. Aliizunguka meza ya duara mara mbili, kofia mkononi, kisha akasimama.

"Hodi, Mama. Samahani. Upande wa mbele ni upi?"

"Kila upande ni wa mbele," Bi Kimya akajibu kwa mnong'ono.

"Ahaa." Akaitazama meza, akamtazama mwenye meza, akaitazama tena meza. "Basi nimekwisha pita mbele yako mara mbili bila kusalimia. Habari za asubuhi, Mama. Na habari za asubuhi tena."

Bi Kimya hakucheka, kwa sababu kucheka hakukuwa katika kazi yake. Alimpa ufunguo wa mlango wa paa, akamweleza kwamba aurudishe kila jioni, akamtazama akiondoka na mfuko wake wa vyombo begani.

"Mabega gani yale," akajisemea chini chini. "Yangelibeba kuba lenyewe."

Kwenye rafu za mitindo kitu kilianguka. Alikuwa Mshonaji, mwanamke aliyekuja kunakili mishono kutoka kwenye majarida bila kununua hata moja, amedondosha futi yake ya kupimia. Bi Kimya akamwekea kidole mdomoni, naye Mshonaji akainama kuiokota na akakaa muda mrefu huko chini.

Fundi alianza kwa kuvitoa vioo vyote vya zamani. Ilimlazimu, maana waliovitia zamani hawakuwa na haja ya vipimo: hakukuwa na kioo kilicholingana na mwenzake, na kila kipya kilipaswa kukatwa kwa tundu lake. Kwa hiyo kufikia katikati ya asubuhi kileleni mwa kuba kulikuwa na uwazi mtupu, na hewa safi ikashuka, na mwanga ukashuka. Ndipo sauti nene ya kiume nayo ikashuka, ikamwagika kila pembe ya ukumbi.

"Njiwa, habari za asubuhi. Wewe ndiye mwenye nyumba hapa?"

Vichwa vyote vikainuka. Bi Kimya akainua chake pia, na kwa mara ya kwanza tangu jengo lile lijengwe, dari likaambiwa "Shhh!" Dari halikujali. Huko juu kulikuwa na upepo, na Fundi alisikia upepo tu.

Bi Kimya akasimama akapige marufuku. Mkutubi hanyamazi mahali kimya kinapovunjwa. Alikuwa amefika usawa wa rafu za kilimo, watu wote wakimtazama, sauti iliposema: "Sasa njiwa, wewe una mke. Nishauri. Nimwambieje yule mama wa meza ya duara? Nikimwona tu ulimi unakuwa mzito kama gunia la mchanga."

Akasimama pale pale. Kwenda mbele ilikuwa kupanda ngazi na kumwambia mtu mzima kwamba ukumbi mzima umemsikia. Kurudi nyuma ilikuwa kukubali kuendelea kusikia. Alinyoosha mkono akaweka sawa kitabu cha ufugaji wa kuku, ambacho kilikuwa sawa tayari, kisha akarudi kuketi, masikio yakimwaka moto.

Wahenga walisema kuta zina masikio. Hawakusema lolote juu ya paa kuwa na mdomo.

"Nianze na ukweli wangu," sauti ikaendelea. "Mama, mimi ni fundi wa paa. Sina mke, alitangulia mbele ya haki. Sina watoto wadogo. Sinywi. Nakoroma, lakini kwa kiasi." Nyundo ikagonga mara mbili. "Njiwa, hiyo ya kukoroma niitoe?"

"Iache," akanong'ona mtu kwenye rafu za sheria. "Uaminifu ni jambo zuri."

Jioni Fundi akashuka na ufunguo. Ukumbi ulikuwa bado umejaa, ingawa kwa kawaida saa hizo watu huwa wamekwisha rudi makwao.

"Ufunguo huu hapa, Mama."

"Asante, Fundi."

Akafungua mdomo. Hakuna ukurasa uliogeuzwa mle ndani. Akaufunga mdomo, akawatazama wasomaji walivyoinamia vitabu, akasema kwa heshima, "Watu wa hapa wanasoma sana," kisha akatoka. Pumzi ya watu wote ikatoka kwa pamoja, ikapanda kwenye kuba, ikamshukia Bi Kimya shingoni.

Bi Kimya aliishi na dada yake mkubwa, mwanamke aliyeanza kuongea jogoo alipowika na kunyamaza usingizi ulipomshinda. Hakuwahi kukanyaga maktaba, kwa hoja kwamba haoni faida ya kwenda mahali pa kufungwa mdomo bila kosa. Usiku ule alisikiliza kisa chote akiwa ameshika mwiko hewani.

"Yaani mwanamume anakutongoza kupitia dari?"

"Hanitongozi mimi. Anaongea na njiwa."

"Njiwa ana meza ya duara?"

"Dada!"

"Mwambie basi kwamba mnamsikia."

"Atakufa kwa aibu. Au atakimbia. Yule ni mtu wa haya sana, namfahamu."

"Unamfahamu tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Dada akaweka mwiko chini. "Mdogo wangu, mficha uchi hazai."

"Kwa umri wangu huu nizae?"

"Methali haikuuliza umri wako," Dada akasema, na akapakua.

Jumanne asubuhi wasomaji walikuwa wamepanga foleni mlangoni. Bi Kimya alijiambia kwamba watu wameanza kupenda vitabu, na hakujiamini. Juu, Fundi alitia kioo cha kwanza, akafuta vidole, kisha akaanza, taratibu, kama mtu asiyezungumza na yeyote.

"Unajua njiwa, taabu ni kupika. Marehemu alikuwa akipika mwenyewe. Sasa napika mimi, chakula cha mtu mmoja. Na chakula cha mtu mmoja hakina kipimo cha chumvi. Ukitia kidogo hakuna ladha, ukiongeza chembe imezidi. Nimekula chumvi miaka sita. Ningependa kumwambia yule mama hivi: Mama, nimechoka kupikia mtu mmoja. Njoo tule wote, labda chumvi itakaa sawa."

Ukumbini Mshonaji alijifuta jicho kwa futi ya kupimia. Mwalimu aligeuza ukurasa wa gazeti ambao hakuwa ameusoma. Bi Kimya, aliyekuwa anagonga mihuri ya tarehe kwenye vitabu, aligonga mmoja kiganjani mwake, na hakujua mpaka alipotaka kushika uso. Kilichomshangaza ni kwamba alikuwa amefurahi. Ilikuwa miaka mingi tangu afurahi kazini bila kupanga.

"Hapana," sauti ikasema ghafla. "Upuuzi. Mama wa watu amesoma vitabu vyote vile, mimi nimweleze habari za chumvi? Yule anataka maneno makubwa."

Bi Kimya karibu apige kelele kwa dari kwamba hapana, hataki maneno makubwa, ameyapanga kwenye rafu maisha yake yote. Akajizuia. "Mjinga wewe," akajisemea chini chini. "Hiyo hiyo ya chumvi." Na toka kila upande wa ukumbi akaona watu wakitikisa vichwa kwa masikitiko, akadhani wanamsikitikia Fundi.

Jumatano yakaja maneno makubwa. "Ewe nyota ya asubuhi uliyeketi katikati ya elimu!" dari likatangaza. "Ewe taa ya taifa la wasomaji!" Mwalimu akajifunika uso kwa gazeti. "Ewe... njiwa, kitu gani kingine huwa kinang'aa?" Njiwa hakujua. "Ewe bati jipya!" Mtu mmoja kwenye rafu za dini akatoka nje mbio, akacheka huko barabarani, akarudi na kukaa kwa adabu.

Na kila jioni ufunguo ukarudi, mdomo ukafunguka, mdomo ukafungwa. "Ufunguo huu hapa, Mama." "Asante, Fundi." Kisha mgongo ule mpana ukaelekea mlangoni bila kutoa sauti, kwa sababu ya lile gome la sakafuni.

Tatizo ni kwamba Fundi alikuwa fundi kweli. Hakuwa wale wanaoanza kazi wakapotelea kwenye kazi ya mtu mwingine. Kila siku vioo viliingia, na kila kioo kilipoingia uwazi ulipungua na sauti ikawa nyembamba. Alhamisi wasomaji walikuwa wamevuta viti hadi karibu na meza ya duara, shingo juu, kila mmoja na kitabu mkononi, vingine vimeshikwa kichwa chini miguu juu. Bi Kimya angepaswa kuwarudisha mahali pao. Hakuwarudisha. Aliwaambia tu wasitikise meza.

Siku hiyo hiyo Dada alikuja. Alikaa kiti cha mbele na kikapu mapajani, midomo ameibana, mtu wa kwanza katika historia kuumwa na kimya. Kilichosikika kutoka juu kilikuwa vipande tu: "...sijui... kesho namaliza... wewe njiwa una bahati, unaguna tu mke anakuja..."

Ijumaa kilibaki kioo kimoja, na Dada alikuwa tena kiti cha mbele. Watu walisimama hadi kwenye rafu za kamusi, mahali ambapo kwa kawaida hakuendi mtu. Sauti ikashuka kwenye upenyo wa mwisho, ndogo na ya uchovu.

"Basi njiwa, ndiyo hivyo. Nimejaribu maneno yote. Mimi si mtu wa maneno, ni mtu wa vioo. Nitarudisha ufunguo, niseme asante, niende zangu. Wewe baki na..."

Kioo kikaingia mahali pake.

Kimya kilichofuata kilikuwa ndicho hasa alichokitaka mchora majengo yule. Hakuna tone, hakuna upepo, hakuna sauti ya mtu. Kuba lilikuwa kavu na zima kama siku lilipokabidhiwa. Bi Kimya alikitunza kimya hicho nusu ya maisha yake, na sasa, kwa mara ya kwanza, alikichukia. Alijua kinachofuata. Ufunguo utawekwa mezani, asante itasemwa, na yeye atabaki chini ya dari lisilovuja akisikiliza mapenzi ya watu wengine hadi siku ya kustaafu.

Fundi akaingia. Alikuwa ameosha mikono na kuvaa shati lisilo na gundi ya vioo. Watu wakampisha njia.

"Ufunguo huu hapa, Mama. Kazi imekwisha. Mvua ije, isije, ni shauri yake."

"Asante, Fundi."

Akafungua mdomo. "Mama," akasema. "Mimi..."

Ukumbi ukajongea mbele. Fundi akaikunja kofia yake. "Mimi..." Na gunia la mchanga likakaa juu ya ulimi.

Kutoka nyuma ya gazeti lake, kwa mnong'ono wa mtu anayemsaidia mwanafunzi mbele ya mkaguzi, Mwalimu akasema: "...ni fundi wa paa."

Mnong'ono ukapanda, ukateleza kwenye plasta, ukashuka mezani. Fundi akainua uso akavitazama vioo vyake vipya.

"Sina mke," ukashuka wa pili, wa kike, kutoka kwenye rafu za mitindo.

"Nakoroma," ukaja wa tatu kutoka kwenye sheria, "lakini kwa kiasi."

Fundi akakodoa macho juu, rangi imempotea.

"Njiwa?" akauliza.

Maktaba ile ilikuwa haijawahi kucheka tangu ijengwe, na ilikuwa na akiba. Kicheko kilipasuka kwenye rafu zote kwa mkupuo mmoja, kuba likakikusanya na kukirudisha mara mbili. Fundi akatazama juu, akawatazama watu, akatazama juu tena, na hesabu ikamjia: uwazi, upepo, siku tano, nyota ya asubuhi, bati jipya. Akaishika kofia kwa mikono miwili, akageuka na kwenda, haraka, bila sauti, kuelekea mlangoni. Kicheko kikafa. Kilikuwa kicheko cha mapenzi, lakini nani wa kumweleza?

"Fundi!"

Hakuna aliyeitambua sauti ile. Ilikuwa kubwa, imekwaruza kidogo kwa kukaa stoo. Ilipita juu ya rafu, ikagonga madirisha, ikamkuta Fundi mkono ukiwa kwenye kitasa. Bi Kimya alikuwa amesimama, na mwenyewe alionekana kushangaa nani kapiga kelele.

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Ile ya Jumanne," akasema, kwa sauti ile ile. "Ya chumvi. Nyingine zote tupa, hasa ya bati. Rudi hapa uiseme hiyo."

Fundi akarudi. Aliizunguka meza nusu duara, akakumbuka kwamba kila upande ni wa mbele, akasimama. "Mama," akasema polepole, "nimechoka kupikia mtu mmoja." Akaisema yote hadi mwisho, bila kukosea, akiitazama kofia. Mshonaji alikuwa akiisema pamoja naye kwa midomo, na watu wengine watatu.

Kisha wote wakamgeukia Bi Kimya, wakasubiri.

"Nyie hamtanisikia," akawaambia. Akainua kipande cha meza kinachofunguka, akatoka, akamshika Fundi mkono wa shati na kumwongoza nje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi, hadi kwenye ngazi za mbele, ambako lori lilikuwa likishusha mabati na gari la matangazo likisifu sabuni.

Ndani, watu walikimbilia madirishani, na hapo ndipo walipomlaani mchora majengo kwa dhati. Madirisha yalikuwa juu kupita kichwa cha mtu mrefu. Mwalimu alipanda juu ya magazeti ya miaka kumi akaona anga. Dada aliparamia ngazi ya vitabu hadi kipande cha mwisho, akaona mti.

Nje, Bi Kimya ilibidi apaze sauti. "Nyumbani kwangu tunapika cha watu wawili, mimi na dada yangu, na chumvi bado inazidi!"

"Basi tatizo si idadi!" Fundi akasema.

"Tatizo ni kwamba dada anapika huku anaongea! Anasahau ametia, anatia tena! Njoo Jumapili. Ukimshughulisha kwa maneno huko sebuleni, mimi nitapika kwa utulivu."

"Mimi si mtu wa maneno, Mama."

"Hata kidogo," Bi Kimya akasema, na sasa akacheka, sana, akishikilia nguzo, hadi wapakua mabati wakageuka kutazama.

Aliporudi ndani, kila mtu alikuwa ameketi mahali pake akisoma, na ngazi ya vitabu ilikuwa bado inayumba.

"Amesemaje?" Dada akauliza kwa sauti yake ya nyumbani.

"Shhh!" ukumbi mzima ukamjibu.

Bi Kimya alipita katikati yao, kichwa juu, akaingia kwenye duara lake, akaondoa ile ndoo mezani na kuiweka chini. Akaketi. Akavuta kitabu, akajifanya anakikagua, akajisemea chini chini, kwa ile sauti ambayo hata mate yake yasingeisikia:

"Jumapili. Mungu wangu, nitavaa nini?"

Mnong'ono ukapanda kutoka kwenye rafu za mitindo, ukateleza kwenye plasta, ukamfikia mzima. "Njoo kesho na kitambaa, nikupime."

Mkono wa Bi Kimya ukasimama juu ya kitabu. Akalitazama kuba. Akazitazama rafu, moja baada ya nyingine, zilivyopangwa kama vipande vya chungwa, kila moja ikimwelekea yeye. Akakumbuka miaka yote ile. Akakumbuka maoni yote yale.

"Huwa," akanong'ona, kwa shida, "mnanisikia?"

Watu wakatazamana nani aseme.

"Tangu tuje," akanong'ona Mwalimu. "Kwamba Fundi amekuingia moyoni tulijua asubuhi ile ile ya mabega." Akageuza ukurasa wa gazeti, akanyoosha mguu mmoja pembeni mwa meza, mahali pa kuonekana. "Na kwa zile soksi, mwanangu, asante."